Polima zinazotoa nuru

Polima zinazotoa nuru ni plastiki za aina ya pekee ambazo hung'aa zikipitishiwa umeme au zikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno. Plastiki za kawaida, kama zile za ndoo na mifuko, hazipitishi umeme, na kwa sababu hiyo hutumiwa kufunikia nyaya. Polima hizi ni tofauti: ni nusukipitishi, yaani hupitisha umeme kwa kiasi fulani kama ifanyavyo silikoni. Wanakemia huziita polima konjugeti, kwa kuwa katika uti wa molekuli zake bondi moja na bondi mbili za kaboni hupokezana kutoka mwanzo hadi mwisho.

Polima hizi hutumiwa au kufanyiwa utafiti katika taa, skrini, seli za jua, transista na vihisi vya kemikali, yaani vifaa vinavyotambua kiasi kidogo sana cha dutu fulani hewani au majini. Kihisi kinachojulikana zaidi kati ya hivyo ni kile kinachonusa mvuke wa TNT, kilipuzi kilichomo katika mabomu mengi ya ardhini. Kwa Tanzania jambo hilo si la mbali. Mjini Morogoro kuna kituo kinachofundisha panya kunusa kilipuzi hichohicho, na pwani ya nchi, pamoja na eneo la Dar es Salaam, Bagamoyo na Tanga, imeharibiwa kwa miaka mingi na uvuvi wa baruti.

Muundo na chanzo cha nuru

Atomu ya kaboni ina elektroni nne za kufungamana na jirani zake. Katika plastiki ya mfuko wa kawaida zote nne zimeshikwa imara, na hakuna inayoweza kusogea. Katika polima konjugeti tatu zimeshikwa, na ya nne hukaa juu na chini ya uti wa molekuli. Elektroni hizo za nne hugusana na zile za atomu za jirani, zikafanya kama barabara ndefu inayofuata mnyororo mzima.

Ili elektroni ipande kutoka ngazi ya nishati iliyojaa hadi ngazi iliyo tupu, inahitaji kiasi maalumu cha nishati. Ikishuka tena, nishati hiyo hutoka kama nuru, na ukubwa wa pengo kati ya ngazi hizo mbili ndio unaoamua rangi. Polima iitwayo PPV hutoa nuru ya kijani iliyoelekea njano. Ikiongezewa matawi ya pembeni yenye oksijeni, kama katika MEH-PPV, rangi husogea hadi ya machungwa na nyekundu. Polima za jamii ya polifluorini hutoa buluu. Hivyo mwanakemia anaweza kuchagua rangi kwa kubadilisha umbo la molekuli, jambo ambalo si rahisi kwa nusukipitishi za madini.

Katika taa, utando wa polima wenye unene wa takriban nanomita 100 huwekwa kati ya elektrodi mbili. Moja ni angavu ili nuru ipite, nayo kwa kawaida hutengenezwa kwa oksidi ya indi na bati. Nyingine ni ya metali. Elektroni huingizwa upande mmja wa utando, na upande wa pili elektroni huondolewa, zikiacha nafasi tupu zinazoitwa matundu. Elektroni na tundu vikikutana hufanya jozi iitwayo eksitoni, na jozi hiyo ikivunjika inaweza kutoa nuru. Kanuni za fizikia ya kwanta hazisaidii sana hapa: katika polima za kawaida karibu eksitoni moja tu kati ya nne zinazotokana na umeme ni ya aina inayoweza kung'aa, na zilizobaki huishia kuwa joto. Polima ikimulikwa badala ya kupitishiwa umeme hasara hiyo haipo, na hiyo ni sababu mojawapo ya vihisi vingi kutumia mwanga.

Historia

Mwaka 1977 Alan Heeger, Alan MacDiarmid na Hideki Shirakawa walionyesha kwamba poliasetileni, polima konjugeti iliyo sahili kuliko zote, hupitisha umeme vizuri ikichanganywa na mvuke wa iodini. Walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2000. Polima yao haikuwa taa, lakini iliondoa imani kwamba plastiki na umeme havipatani.

Nuru ilipatikana katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Jeremy Burroughes, Donal Bradley, Richard Friend, Andrew Holmes na wenzao walitangaza mwaka 1990 kwamba utando wa PPV uliowekwa kati ya elektrodi mbili hung'aa. PPV yenyewe haiyeyuki, kwa hiyo walitandaza kwanza polima nyingine inayoyeyuka, kisha wakaipasha joto katika ombwe hadi ikageuka kuwa PPV. Ufanisi wa taa hizo za kwanza ulikuwa mdogo mno: kati ya kila elektroni 10,000 zilizopita, zilitoka takriban chembe 5 tu za nuru. Hata hivyo miaka miwili baadaye iliundwa kampuni ya Cambridge Display Technology ili kuendeleza ugunduzi huo. Kampuni hiyo ilinunuliwa na Sumitomo Chemical ya Japani mwaka 2007.

Kabla ya hapo, mwaka 1987, Ching Tang na Steven Van Slyke wa kampuni ya Kodak nchini Marekani walikuwa wametengeneza taa kwa molekuli ndogo za kikaboni, si polima. Njia hizo mbili zimeshindana tangu wakati huo. Molekuli ndogo hugeuzwa mvuke na kutandazwa ndani ya ombwe, kazi inayohitaji mitambo ya gharama. Polima huweza kuyeyushwa na kuchapwa kama wino. Kwa nadharia polima ilipaswa kuwa rahisi zaidi, lakini katika simu molekuli ndogo ndizo zilizoshinda. Simu zinazouzwa Kariakoo zikiwa na neno AMOLED kwenye boksi kwa kawaida zina molekuli ndogo, ingawa mara nyingi huelezwa kuwa skrini zake ni za "plastiki inayong'aa". Plastiki iliyomo humo, kama ipo, mara nyingi ni ubao wa kubebea tu.

Vihisi vya kemikali

Matumizi ya polima hizi kama vihisi yanatokana na tabia ya eksitoni kutembea. Katika mnyororo wa polima eksitoni haikai ilipozaliwa, bali hupita sehemu nyingi za molekuli kabla ya kutoa nuru. Inaweza kufananishwa na mchuuzi anayezunguka nyumba kwa nyumba. Mchuuzi anayekaa barazani kwake hataumwa na mbwa wa mtaa wa pili, lakini anayezunguka mtaa mzima, mbwa mmoja mkali anatosha kuharibu biashara yake ya siku. Vivyo hivyo, molekuli moja ya dutu ngeni ikishika sehemu yoyote ya mnyororo inaweza kuzima nuru ambayo ingetoka katika sehemu nyingi.

Timothy Swager na mwanafunzi wake Qin Zhou walithibitisha jambo hili mwaka 1995 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani. Walitengeneza polima yenye vishikizo vya kunasa parakwati, kemikali ambayo wakulima wengi wa Afrika ya Mashariki waliifahamu kama dawa ya kuua magugu na ambayo ni sumu kali kwa binadamu. Walilinganisha polima hiyo na molekuli moja moja zenye kishikizo kilekile. Polima ilizimika kwa urahisi mara 65 zaidi. Kishikizo kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni kwamba vishikizo vilikuwa vimeunganishwa katika mnyororo mmoja.

Hatua iliyofuata ilikuwa TNT. Molekuli ya TNT ni pete ya kaboni yenye makundi matatu ya nitro, ambayo huifanya iwe na njaa ya elektroni. Ikigusana na polima iliyosisimuliwa kwa mwanga, huchukua elektroni na nuru huzimika. Tatizo lilikuwa kwamba minyororo ya polima ikikauka hulaliana na kushikamana, mvuke ukakosa pa kupita na nuru ikafifia hata bila TNT. Mwaka 1998 Swager na Jye-Shane Yang walitatua tatizo hilo kwa kuweka kwenye uti wa polima makundi makubwa magumu yanayotenganisha minyororo, mithili ya vijiti vinavyowekwa kati ya mbao ili zikauke vizuri. Nafasi zilizobaki zilitosha molekuli za TNT kuingia.

Ugunduzi huo ulitumiwa na kampuni ya Nomadics ya Oklahoma kutengeneza kifaa cha mkononi kiitwacho Fido, ambacho baadaye kilibebwa na askari na roboti za Marekani huko Iraki na Afghanistan. Hewa huvutwa ndani ya bomba la kioo lililopakwa utando wa polima, mwanga humulikwa, na nuru ikishuka ghafla kifaa hutoa ishara. Ugumu wake unaonekana katika kiasi kinachotafutwa: kwa joto la kawaida la chumba, hewa iliyoshiba mvuke wa TNT huwa na molekuli chache tu za TNT katika kila bilioni, na juu ya bomu lililofukiwa huwa pungufu sana kwa kuwa udongo hunyonya mvuke huo. Mwaka 2005 kundi la Swager na Vladimir Bulović lilionyesha kwamba polima ikifanywa itoe leza badala ya nuru ya kawaida, uwezo wa kutambua huongezeka zaidi ya mara 30.

Panya wa Morogoro

Kifaa kinachofanya kazi kama hiyo nchini Tanzania ni hai na kina mkia. Shirika la APOPO, lililoanzishwa Ubelgiji mwaka 1997 na Bart Weetjens, lilihamishia mafunzo yake mwaka 2000 katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Hapo panya buku hufundishwa kunusa TNT na kukwaruza ardhi wanapoipata, kwa malipo ya ndizi au chakula kingine. Kwa kuwa ni wepesi, hawalipui bomu wanapopita juu yake, na tofauti na chombo cha kutambua chuma hawapotezi muda kwenye misumari na vifuniko vya soda. Panya mmoja huweza kukagua eneo lenye ukubwa wa kiwanja cha tenisi kwa muda wa takriban nusu saa.

Panya hao walifanya kazi Msumbiji, nchi iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa haina tena mabomu ya ardhini yanayojulikana. Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania na kupelekwa Kambodia, alipata vitu zaidi ya 100 vikiwemo mabomu ya ardhini na mabaki mengine ya vita, akapewa medali ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020. Alikufa Januari 2022.

Panya na polima hazipingani moja kwa moja. Panya hujifunza harufu nzima, pamoja na ile ya DNT, dutu iliyomo ndani ya TNT kama uchafu na ambayo hugeuka mvuke kwa urahisi kuliko TNT yenyewe. Polima haichoki wala haihitaji mafunzo ya miezi mingi, lakini utando wake huchakaa kwa mwanga na hujibu dutu zenye tabia fulani tu. Tofauti hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito zaidi pwani.

Uvuvi wa baruti na mipaka ya kihisi

Sheria ya Uvuvi ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza uvuvi wa kutumia milipuko. Hata hivyo mwaka 2015 watafiti walisafiri kwa chombo katika mwambao wote wa nchi wakisikiliza chini ya maji kwa maikrofoni maalumu, na katika saa 231 walithibitisha milipuko 318. Asilimia 62 ya milipuko hiyo ilitokea ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam, umbali unaoifikia Bagamoyo na miamba ambayo wavuvi wa Dunda na kata nyingine za mwambao huo huitegemea. Mlipuko mmoja huua samaki wakubwa kwa wadogo na kuvunja matumbawe yanayochukua miaka mingi kukua tena, na mara nyingi humkata mkono au kumpofua mrushaji mwenyewe. Katika miaka iliyofuata serikali ilizidisha operesheni, na milipuko iliripotiwa kupungua.

Wazo la kuweka kihisi cha polima kwenye bandari ndogo au soko la samaki ili kunusa baruti linavutia, lakini lina dosari ya kikemia. Baruti ya wavuvi haramu mara nyingi si TNT. Nyingi hutengenezwa kwa mbolea ya amonia naitreti iliyochanganywa na dizeli au mafuta ya taa, ikatiwa kwenye chupa pamoja na kiwashio. Nyingine hutoka katika migodi na machimbo ya mawe. Amonia naitreti ni chumvi isiyo na pete ya kaboni yenye makundi ya nitro, na mvuke wake ni haba. Utando uliobuniwa kwa ajili ya TNT ungebaki uking'aa mbele ya chupa iliyojaa. Kunusa mafuta kungekuwa bure zaidi, maana kila boti yenye mashine hunuka dizeli.

Kwa hiyo mbinu zilizofaa zimekuwa nyingine: kusikiliza milipuko, na kumchunguza samaki mwenyewe. Samaki aliyeuawa kwa baruti huwa na mifupa iliyovunjika, damu iliyovilia ndani na kibofu cha hewa kilichopasuka, ingawa nje anaweza kuonekana mzima. Wakaguzi wa masoko hupasua na kutazama.

Upande wa samaki kuna matumizi mengine yaliyo karibu zaidi na uwezo wa polima. Samaki anapoanza kuoza hutoa amini, dutu zenye harufu kali, na maabara mbalimbali zimetengeneza polima zinazobadilisha mng'ao au rangi zikikutana na mvuke wa amini.

Maji

Maji ya ardhini katika sehemu za Arusha, Kilimanjaro na maeneo mengine ya Bonde la Ufa yana floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Matokeo yake ni meno ya kahawia na, kwa waliokunywa miaka mingi, mifupa iliyopinda. Mwaka 2003 Tae-Hyun Kim na Swager walitangaza polima inayobadilisha rangi ya nuru yake ikikutana na floridi: floridi hukata kipande cha molekuli, kilichobaki hujifunga kuwa pete mpya, na eksitoni za mnyororo hukusanyika hapo. Bado kutoka kwenye chupa ya maabara hadi kisimani ni mbali. Polima nyingi za aina hii hazipendi maji, na kemikali inayojibu vizuri ndani ya kiyeyushi cha kikaboni hupoteza nguvu katika maji, ambako floridi huzingirwa na molekuli za maji.

Njia mojawapo ya kuvuka kizuizi hicho ni kuweka makundi yenye chaji kwenye matawi ya polima ili iyeyuke majini. Polima hizo zimetumika tangu mwisho wa miaka ya 1990 kutambua protini na DNA.

Sola ya Cambridge nchini Kenya

Polima konjugeti huweza pia kufanya kinyume cha taa: kupokea nuru na kutoa umeme. Kampuni ya Eight19, iliyotokana na utafiti wa akina Friend huko Cambridge, ilianzishwa mwaka 2010 kutengeneza sola za plastiki zinazochapwa. Jina lake ni dakika 8 na sekunde 19 ambazo mwanga wa jua hutumia kufika duniani. Mwaka 2011 ilipeleka Kenya mfumo wa IndiGo, ambamo familia ilipata paneli ndogo na taa, ikalipia kidogokidogo kwa kukwangua kadi na kutuma ujumbe wa simu.

Paneli zilizofungwa kwenye mapaa hayo zilikuwa za silikoni, kwani za plastiki hazikuwa tayari. Mfumo wa malipo ulifaulu kuliko plastiki iliyouzaa, na mwaka 2012 biashara hiyo ilitengwa ikawa kampuni ya Azuri Technologies, iliyoendelea kufanya kazi Kenya, Tanzania na nchi nyingine za Afrika.

Uchakavu

Maadui wakuu wa polima hizi ni oksijeni, unyevu na mwanga mkali, vitu ambavyo mwambao wa Afrika ya Mashariki unavyo kwa wingi mwaka mzima. PPV ikimulikwa hewani, oksijeni hukata bondi mbili za uti wake na kuacha makundi ya kaboni na oksijeni. Makundi hayo hunasa eksitoni kama vile TNT inavyofanya. Kasoro chache tu kwenye mnyororo mrefu huzima nuru nyingi, kwa sababu ileile inayofanya kihisi kiwe makini. Katika taa, unyevu pia hula elektrodi za kalisi au bari na kuleta madoa meusi yanayopanuka.

Kinga ni kuifungia polima kati ya vioo pamoja na dutu ya kunyonya maji. Kifuniko chema cha taa hizi kinatakiwa kisipitishe zaidi ya sehemu moja ya milioni ya gramu ya maji kwa kila mita ya mraba kwa siku, kiwango ambacho plastiki ya kawaida haikaribii. Kihisi hakiwezi kufungwa hivyo, maana lazima kiguse hewa. Kwa sababu hiyo utando wake hutengenezwa ili ubadilishwe mara kwa mara.

Utafiti barani Afrika

Katika Afrika ya Mashariki, Chuo Kikuu cha Addis Ababa nchini Ethiopia kina historia ndefu katika fani hii. Wanakemia wake, wakiwemo Wendimagegn Mammo, Shimelis Admassie na Teketel Yohannes, wamefanya kazi juu ya polima konjugeti na seli za jua wakishirikiana na watafiti wa Uswidi. Daniel Ayuk Mbi Egbe, mwanakemia kutoka Kamerun aliyetengeneza polima za jamii ya PPV akiwa Ujerumani na Austria, aliongoza kuanzishwa kwa ANSOLE, mtandao wa watafiti wa nishati ya jua wa Kiafrika uliozinduliwa mwaka 2011. Mtandao huo umewawezesha wanafunzi wa nchi moja ya Afrika kufanya sehemu ya utafiti wao katika maabara za nchi nyingine.